Wamepigana wawili, kalala ndani mmoja. Niende kwenye kikao chao au nisiende?

mama_wa_watatu:
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Naomba ushauri, mnisamehe itakuwa ndefu. Tuko Marekani mwaka wa sita sasa, tulitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kijana wangu wa kati ana miaka 15. Mwezi wa tatu alipigana shule na mwenzie mzungu, wote walitoka damu puani, basi, hakuna aliyeumia zaidi ya hapo, na polisi wa shule akawabeba wote wawili. Jioni ile ile mwenzie karudi kwao. Wangu kalala ndani siku nne.

Nilipoenda wakanipa mkalimani wa kwenye simu, Kiswahili chake cha pwani na anaongea mbio, mi nimezaliwa Fizi kule Kongo, nusu ya maneno yalinipita nikawa naitikia ndio, ndio. Kulikuwa na fomu ya maswali, baba na mama wanaishi pamoja? kuna mtu mzima nyumbani jioni? ana kundi? Sasa bwana yangu yuko zamu ya usiku kiwanda cha nyama, mimi natoka usafi hotelini saa nne usiku, ningejibu nini? Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba kila jibu baya ni pointi, na pointi ndo zilimlaza ndani. Siku ya kumtoa nikapewa mfuko wa plastiki, ndani mna mkanda wake na kamba za viatu. Kwenye gari alikuwa anazirudisha zile kamba tundu moja moja, polepole, hadi tunafika nyumbani hajasema neno.

Kesi ilifutwa. Sasa wiki hii imekuja barua, kaunti wanafanya kikao kuhusu watoto weusi kufungwa kuliko wazungu na wanataka wazazi waje. Bwana yangu anasema wanatutafuta tuwe mapambo ya picha zao. Mimi moyo unataka kwenda. Mnasemaje?

mzee_wa_ujiji:
Pole sana mama. Ila tuambiane ukweli, watoto wetu huku wamelegea, mzazi ukiinua mkono unaitiwa polisi. Tukianza kusingizia rangi kila kitu tutasahau kulea. Kaa na kijana wako, hivyo vikao achana navyo.

dada_oregon:
Mzee wangu shikamoo. Kulea tulee, hilo sikubishii, ila hao vijana ngumi zilikuwa zile zile na shule ile ile, mmoja kalala kwao mwingine seli, hapo malezi yanaingia wapi? Nchi hii kwa ujumla mtoto mweusi anafungwa mara 5 hivi au zaidi kuliko wa kizungu, na idadi ya watoto waliofungwa imeshuka sana tangu mwaka 2000 lakini pengo hilo liko palepale.

Mama, hiyo fomu usiiache. Huku kwetu kaunti ya Multnomah, ndo Portland hii, miaka ya 90 waliikalia fomu ya namna hiyo swali kwa swali. Kulikuwa na kipengele cha "familia nzuri", mtoto wa wazazi wawili anapata nafuu, wa bibi au shangazi hapati. Wakakitoa, wakauliza tu kama kuna mtu mzima yeyote atakayehakikisha mtoto anafika kortini. Na mambo ya kundi wakayaondoa, manake mtoto mweusi akivaa kofia tu keshaitwa wa genge. Pia wakaanzisha sehemu za kumpeleka mtoto mbali na seli. Kufikia mwaka 2000 pengo la nani anawekwa ndani baada ya kukamatwa lilikuwa limekaribia kufutika. Mambo makubwa yani yalikuwa maswali na mahali pa kumpeleka. Na wewe shangazi yupo, jirani yupo, mchungaji yupo, ila fomu yao haikukuuliza hao.

karani_mstaafu:
Nenda mama, lakini usiende mikono mitupu. Kwanza waombe takwimu za kila hatua, wangapi wamekamatwa, wangapi wamelazwa ndani, wangapi wamepelekwa mbele ya hakimu, kwa rangi. Wasikupe jumla tu, jumla inaficha mahali mtoto anapoangukia. Sheria ya taifa ya 1974 ya haki za watoto kortini, ilivyorekebishwa 2018, inayataka majimbo yanayopokea pesa zake yahesabu hivyo na yaweke mpango wa kupunguza pengo. Na kwenye kamati ya jimbo ya ushauri lazima wawemo vijana waliopitia huko, ikishindikana basi wazazi wao. Kwa hiyo kiti kipo mama, hatuombi fadhila.

Na kwa wote wanaosoma hapa, mtoto akikamatwa asijibu maswali wala msisaini kitu kabla ya wakili, na kama huna hela korti inatoa. Hiyo haki ilipatikana 1967 kwa kesi ya Gerald Gault, kijana wa miaka 15 wa Arizona, walimhukumu kufungiwa hadi afike miaka 21 kwa simu ya matusi ambayo mtu mzima angetozwa faini au kufungwa si zaidi ya miezi miwili. Kama hamjapata uraia mwambieni wakili mapema kabisa, kesi ikihamishiwa korti ya wakubwa inaweza kugusa makaratasi yenu.

mzee_wa_ujiji:
Hilo la fomu sikulijua. Mimi wajukuu wanne nawalea peke yangu, kumbe ningeandikwa hapana. Mama nenda.

mama_wa_watatu:
Asanteni, mzee na wewe asante. Naenda. Nitaomba ile fomu waiweke mezani tuisome wote, na mkalimani awe mtu aliyekaa pale, simu sitaki tena. Kijana nimemuuliza kama anataka kuja, kasema atafikiria, sijamsukuma. Shida iliyobaki kikao kimewekwa alhamisi saa kumi na mbili jioni na hapo mimi niko hotelini, nimemwomba mwenzangu mmoja tubadilishane zamu, nasubiri anijibu.