Wauzaji wa "vipuri vya kasi" vya joistiki: wekeni vipimo, mnatuuzia mbuzi kwenye gunia

Wakuu, hili sasa limezidi. Kila tangazo la vipuri vya joistiki za arkedi limebandikwa neno "kasi": aktueta nene, springi ngumu, geti la pembe nane (geti ni kipande chenye tundu linalouwekea mpini kikomo). Ukitafuta namba mbili za maana huzioni. Mpini unasafiri kiasi gani kabla swichi haijawaka? Na unasafiri kiasi gani mpaka ugonge geti? Asiyetaja hizo mbili hajamwambia mteja chochote.

Naanza na aktueta, maana hapo ndipo watu wanapoumia zaidi. Ni kile kipande cha plastiki kilichovishwa sehemu ya chini ya mpini, ndicho kinachosukuma swichi nne. Ikiongezwa milimita 1 ya kipenyo, kila upande unasogea milimita 0.5 karibu na swichi, kwa hiyo swichi inawaka mapema. Hilo ni kweli, na wauzaji wanaishia hapo.

Tupige hesabu ya mfano. Mpini una safari ya hatua 10 toka nyutro (katikati, ukiwa umeachiwa) hadi getini, na swichi inawaka kwenye hatua ya 6. Ukiwa umegonga geti, kuizima unarudi hatua 4 na ziada kidogo, kwa sababu maikroswichi huzima nyuma ya pale ilipowakia. Sasa vaa aktueta iliyonenepeshwa pale inapogusa swichi tu. Swichi inawaka hatua ya 4, lakini kuizima toka getini unarudi hatua 6! Ile dashi (mhusika kuchomoka mbio) ya mbele-nyutro-mbele inakuwa ngumu kuliko mwanzo, kwani gemu haihesabu "mbele" ya pili mpaka ya kwanza izime. Umelipia kasi ya kwenda, ukapoteza ya kurudi.

Kama imenenepeshwa mpaka sehemu inayogonga geti, safari nzima nayo inapungua, tuseme 8 badala ya 10. Kurudi kunabaki hatua 4, afadhali. Ila uwiano umeshaharibika: ulikuwa 6 kwa 10, sasa ni 4 kwa 8. Uwiano huo ukishuka, eneo la mshazari (pale swichi mbili zinapowaka pamoja, mfano mbele na juu) linapanuka na eneo la mwelekeo ulionyooka linabanwa. Unasukuma mbele, mkono unapanda kidogo tu, mhusika anaruka. Watu wanalaumu mikono yao wakati kosa liko kwenye kipuri. Kurudisha uwiano wa mwanzo lazima geti nalo libane, safari ifike karibu hatua 7. Aktueta nene na geti dogo ni jozi, na anayeuza kimoja huku akinyamazia kingine anamwibia mteja.

Springi ngumu haibadilishi hata chembe mahali swichi inapowakia. Inachofanya ni kurudisha mpini nyutro kwa nguvu zaidi. Ukiuachia ghafla unapitiliza katikati kabla ya kutulia, na kama tayari umeweka aktueta nene, ule mtikisiko unaweza kugusa swichi ya upande wa pili. Umeachia mbele, gemu inasoma nyuma. Hizi mbili zinauzwa kwenye pakiti moja kama "seti kamili"! Badilisheni kimoja kimoja, mcheze nacho siku kadhaa, ndipo mguse kingine.

Geti la pembe nane halina kasi yoyote. Kwenye geti la mraba pembe nne ndizo mishazari, na mpini una nafasi ya kutosha kule pembeni. La pembe nane linakata zile pembe, basi ile sehemu ambayo swichi mbili zinawaka pamoja inakuwa finyu. Anayetaka kuhisi kila mwelekeo kwa mkono linamfaa. Anayeikosa mshazari mara kwa mara litamzidishia tabu.

Na ubao wa saketi, ule unaopeleka taarifa za swichi kwenye gemu, mbona hautajwi? Gemu ya fremu (picha) 60 kwa sekunde ina takriban milisekunde 16.7 kwa fremu. Ubao wa USB unaosomwa mara 125 kwa sekunde unaweza kuchelewesha taarifa hadi milisekunde 8, ukisomwa mara 1000 ni 1 tu. Hakuna aktueta itakayokurudishia hizo milisekunde. Ubao ndio wa kukagua kwanza.

Kero nyingine: vipuri vinafika bila maelekezo. Kwa Sanwa JLF (joistiki ya kampuni ya Kijapani ya Sanwa), chomoa soketi ya waya 5, bandua geti, kisha inua ubao wenye swichi. Bonyeza aktueta kuelekea kwenye springi ili klipu ya E (kile kipete chenye umbo la E kinachoishikilia) ilegee, ndipo uisukume kwa bisibisi bapa huku umeikinga kwa kidole, la sivyo itaruka na hutaiona tena. Kufungua tufe la juu, ingiza bisibisi bapa kwenye mpasuo ulio chini ya mpini uuzuie usizunguke, kisha zungusha tufe kinyume na saa. Usilibane kwa koleo.

Wakati wa kufunga, kumbukeni mpini umeegemea katikati: mkono ukienda juu, aktueta inaenda chini na kugusa swichi ya chini. Wengi wanadhani waya zimegeuzwa, wanazihamisha, na hapo ndipo wanapoharibu. Jaribu pande zote nne na mishazari yote kwenye kompyuta kabla ya kufunga boksi. Zote nne zikiwa kimya, angalia kwanza ule waya wa ethi ambao swichi zote zinautumia.

Vitufe navyo vinatangazwa bila vipimo! Matundu huwa ya milimita 30 au 24. Vya Sanwa vinachukua viunganishi vya milimita 2.8, vya mtindo wa Kimarekani milimita 4.8, na haviingiliani. Paneli ya mbao nene inataka vitufe vya kufunga kwa nati, si vya kubana.

NYONGEZA kwa wanaouliza kuhusu mafuta: msipulizie dawa ya kulegeza kutu. Inaosha grisi iliyopo, na siku chache baadaye mpini unakwaruza. Futa grisi kuukuu kwa kitambaa kikavu, paka tabaka jembamba la grisi ya silikoni kwenye ile egemeo ya duara tu, na isifike kwenye swichi.