Kingamwili ya GAD chanya, sukari iko sawa: mtoto ana kisukari au hana?

Swali
Wakuu, habari za kazi. Mtoto wa miaka 6, dada yake anachoma insulini tangu mwaka jana. Kapimwa kingamwili dhidi ya kongosho, aina tatu: ya GAD chanya (imeonekana), ya IA-2 na ya insulini hasi (hazikuonekana). Sukari kabla ya kula 4.9 mmol/L, HbA1c (wastani wa sukari wa miezi kama mitatu) 5.2%. Mama kashamkataza chai ya sukari, anauliza dawa. Ajibiwe nini?

Jibu la 1
Dawa bado, mkuu, na chai haihusiki kabisa. Mama aondolewe lawama hiyo leo leo. Rudia kipimo kwa damu mpya, maana chanya moja ya kiwango cha chini huweza kupotea yenyewe. Ongeza ya ZnT8, aina nyingine ya kingamwili hizi, hamkuigusa. Kingamwili zenyewe siyo zinazoua seli za beta, zile zinazotengeneza insulini. Wauaji ni seli T, askari wa kinga ya mwili, zinazovamia visiwa vya kongosho, yaani vikundi vyenye seli hizo za beta. Kingamwili zinatuonyesha tu kwamba uvamizi umeanza. Kinachobeba uzito ni idadi ya aina za kingamwili. Watoto waliofuatiliwa Marekani, Ufini na Ujerumani (matokeo yalitoka 2013): wenye mbili au zaidi, kama 70 katika 100 waliugua kisukari ndani ya miaka 10. Wenye moja, kama 15. Ikibaki GAD peke yake, mpime kila mwaka kwa miaka 3.

Jibu la 2
Nyongeza: kingamwili ya insulini ipimwe kabla ya kuanza sindano za insulini. Zikipita wiki mbili, mwili huitengenezea kingamwili insulini ya chupa nayo, na maabara haiwezi kuzitenganisha. Kwa dada yake jibu hilo halina maana tena.
Mtoto huyu zikithibitika kingamwili mbili, mnyweshe glukosi gramu 1.75 kwa kila kilo, isizidi 75. Baada ya saa 2 sukari ikisoma 7.8 hadi 11.0, yuko hatua ya pili: sukari imeanza kuvurugika, dalili bado. Teplizumabu, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2022, ni dawa ya hatua hiyo: dripu siku 14 (idhini hiyo ya 2022 ilikuwa kuanzia miaka 8), na huchelewesha ugonjwa takriban miaka miwili.

Jibu la 3
Majibu hasi ya kingamwili nayo yasitulaze. Utafiti wa 2025 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini ulikuta karibu theluthi mbili ya vijana waliotambuliwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza hawana kingamwili hizi. Mtoto akianza upya kukojoa kitandani, kiu haikatiki, anakonda: mtoboe kidole umpime sukari hapo hapo. Ikifika 11.1, hospitali siku hiyo hiyo. Akishaanza kutapika na kuhema haraka, ni rahisi kudhaniwa malaria, na saa zinapotea.

Muulizaji
Shukrani. Ya ZnT8 inatoka kesho.