Hivi hizi riwaya za zamani mnazipenda kweli au tunadanganyana?

Wadau naombeni ushauri. Nimejiunga na kikundi cha wasomaji, wiki ijayo kila mtu anataja kitabu anachokipenda kuliko vyote, na wenzangu washaanza kutaja vigogo tu, mmoja kasema War and Peace ya Tolstoy, ile ya 1869 yenye kurasa zaidi ya 1,000, nikamuuliza kidogo tu kuhusu Pierre, mmoja wa wahusika wakuu, akabadilisha mada chap. Mimi niliishia njiani, yale majina ya Kirusi yalinivuruga, mtu mmoja anaitwa majina matatu! Cha moyoni mwangu ni kiriwaya cha upelelezi nimekirudia mara nne. Sasa niseme ukweli nionekane mshamba au nami nitaje kigogo? Na nyie mnaozitaja, mlizimaliza kweli?