Miche 11 ya parachichi imekauka juu: nibebeshe upya au ning'oe?

Wakuu, habari za jioni. Desemba iliyopita, mvua zilipokolea, nilinunua miche 40 ya parachichi aina ya Hass kwenye kitalu kimoja hapa Mbeya, nikaipeleka shambani Tukuyu. Kwa huduma siwezi kumsema vibaya: mama wa pale alinichagulia mmoja mmoja, akanionyesha kovu la kubebeshea, yaani pale kikonyo (kijiti) cha Hass kilipounganishwa juu ya shina la kienyeji, na miwili akaniongeza bure.

Juzi napalilia, naona miche 11 kikonyo kimekauka kabisa, ila machipukizi yanatoka chini ya kovu. Jirani ananiambia hilo ni shina la kienyeji linaota, Hass yenyewe ilishakufa. Yaani ningemwagilia na kuweka samadi miaka mitatu nije nivune parachichi ambalo mnunuzi wa Hass hataligusa!

Nimempigia muuzaji, anasema kosa ni langu, nilipanda bila kufungua ile nailoni ya kwenye kovu. Kweli sikuifungua, lakini nani aliniambia? Risiti sina, nina muamala wa simu tu.

Waliopitia haya: hiyo 11 inabebesheka palepale shambani? Vikonyo vya uhakika napata wapi huku Rungwe? Na kitalu nikidai nusu hasara, nitaonekana msumbufu?