Nina baipasi ya tumbo na mimba ya wiki 24, kliniki wanataka ninywe glukosi

Mama Kibosho, Moshi
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito India, ile baipasi ya kubakiza kimfuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo. Sasa Mungu amenijalia mimba.

Kliniki yangu wana upendo, ila jambo hili ni geni kwao. Siku ya kuandikishwa nesi aliuliza kama nimewahi kupasuliwa. Nikaanza kueleza, akanikatisha: "Kisu cha uzazi?" Nikasema hapana. Akaandika hapana kwenye kadi, akaendelea na presha. Juzi daktari kaniambia nije bila kula, ninywe glukosi gramu 75 nipimwe sukari. Mimi soda kidogo tu inanitoa jasho, moyo unakwenda mbio, natafuta pa kulala! Nilipomwambia, akasema wajawazito wote wanakunywa.

Na nyumbani mama mkwe analeta mtori hotipoti nzima, "kula mwanangu, mko wawili". Vijiko vichache nimeshiba, naye anaona namnyima mjukuu wake. Nikikatae hicho kipimo?

Mkunga wa Sakina, Arusha
Hongera sana dada. Usikikatae, omba kibadilishwe. Kwa mtu wa baipasi glukosi yote inashukia kwenye utumbo kwa mpigo, ndiyo hilo jasho. Badala yake unajipima sukari kidoleni nyumbani kwa mashine ndogo, asubuhi kabla ya kula na baada ya kila mlo, kama wiki moja hivi, unaandika kwenye daftari. Kati ya wiki ya 24 na 28 ndiyo wakati wake.

Wengi wetu chuoni tulifundishwa kifafa cha mimba, malaria, upungufu wa damu. Hili hatukufundishwa. Kwa hiyo mpelekee daktari ripoti ya upasuaji, na ile kadi irekebishwe.

Kinachonitia hofu kuliko sukari ni tumbo kuuma. Mimba ikipanda, utumbo uliounganishwa upya unaweza kupenya kwenye uwazi wa ndani ukanasa. Maumivu makali yasiyoachia, hasa ukiwa unatapika, usikubali kuambiwa ni kiungulia. Nenda hospitali ya KCMC hapo Moshi usiku huohuo, na neno la kwanza useme una baipasi, akuone daktari wa upasuaji pamoja na wa kina mama.

Mama Wawili, Njiro
Mimi kupunguza uzito nilikatwa sehemu ya mfuko wa tumbo tu, utumbo haukuguswa. Vidonge vya damu vya kliniki peke yake havikunitosha, vitamini B12 ilishuka nikachomwa sindano. Omba upimwe damu, B12, foleti, vitamini D na kalsiamu kila baada ya miezi mitatu. Chuma na kalsiamu usimeze pamoja, viachane saa mbili. Omba na utrasaundi ya kuangalia mtoto anavyokua, maana wetu huweza kuwa wadogo. Mama mkwe mwambie mtori apunguze ndizi aongeze nyama, ule kidogokidogo kutwa nzima.

Mama Kibosho, Moshi
Mungu awabariki. Ripoti ninayo kwenye simu, kesho naichapisha. Mkunga, multivitamini niliyotoka nayo India imeandikwa vitamini A, retinoli. Niendelee?

Mkunga wa Sakina, Arusha
Isimamishe leo. Retinoli ikizidi inamdhuru mtoto. Tafuta ya wajawazito, vitamini A yake iwe beta-karotini, na hilo kopo ulibebe kesho daktari alione.