Cheti cha seva: nifuate mifumo ya zamani iliyopo ofisini au nianze na mipya? (Ulinganisho)

Kurasini_IT (mwanzisha mada)

Wakuu, poleni na majukumu. Naomba mnisaidie kupima kabla sijatoa fedha.

Natunza kompyuta za kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar. Tuna seva mbili. Moja ni Windows Server 2008 R2, ndiyo inayobeba Active Directory (rejista ya watumiaji na ruhusa zao) ya watumiaji 43. Nyingine ni 2012 R2, ina mafaili ya wateja na programu ya uhasibu. Nilizikuta zimeshafungwa, na aliyezifunga hayupo tena. Nimejifunza kwa kuhangaika na kusoma usiku. Sasa bosi ameanza kuzungumzia kununua seva mpya mwakani, nami nataka cheti kinachoeleweka kabla siku hiyo haijafika.

Fedha yangu inatosha njia moja tu. Kuna chuo kinafundisha MCSA, cheti cha Microsoft cha usimamizi wa seva, ya Server 2012 kwa miezi minne, masomo ya jioni. Kuna AZ-800 na AZ-801 za Microsoft, mitihani miwili ya seva mpya za Windows, ambazo ningejisomea mwenyewe. Na rafiki yangu ananisukuma niende RHCSA, cheti cha Linux cha Red Hat, niachane na Windows kabisa. Moyo unanivuta kwenye ile ya kwanza, maana ndiyo mifumo ninayoishika kila siku. Nikisoma mipya ilhali ofisini nina ya zamani, si nitakuwa na elimu nisiyoifanyia kazi?

Rafu_ya_Chini

Mkuu, chuo hicho usikipe hata shilingi kabla hujawauliza swali moja: mtihani nitaufanyia wapi? Microsoft ilifunga mitihani ya MCSA tarehe 31 Januari 2021. Ile mitihani yake, 70-410, 70-411 na 70-412, uliyoahidiwa haifanyiki tena popote duniani. Utasoma miezi minne utoke na karatasi ya chuo, basi. Sisi tuliofaulu wakati ule bado inaonekana kwenye rekodi zetu, lakini mtu mpya hawezi kuipata.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mdogo wangu alilipa ada kama hiyo miaka miwili iliyopita. Alisoma kwa bidii, na masomo yenyewe hayakuwa mabaya. Alipotaka kujisajili kwa mtihani ndipo akagundua haupo. Hakuna aliyemwambia mlangoni.

Kuhusu mifumo yenyewe, hizi tarehe ziandike ukutani. Server 2008 R2 iliachwa kutolewa viraka (masahihisho ya usalama) vya kawaida 14 Januari 2020. Server 2012 na 2012 R2 zikafuata 10 Oktoba 2023, na hata viraka vya kulipia vina mwisho wake, 13 Oktoba 2026. Server 2016 zamu yake ni 12 Januari 2027. Kwa hiyo seva zako zote mbili zimeshapita muda. Kusomea cheti chake ni kusomea nyumba ambayo mnajiandaa kuihama.

NairobiShell

Naungana na Rafu kuhusu MCSA, ila mimi ni wa upande wa rafiki yako.

RHCSA haina maswali ya kuchagua a, b, c. Unakaa mbele ya mashine, unapewa kazi: tengeneza watumiaji, panga diski kwa LVM, rekebisha SELinux (ulinzi wa ndani wa Linux), fungua nenosiri la root (msimamizi mkuu) lililosahaulika, hakikisha kila kitu kinadumu mashine ikizimwa na kuwashwa. Alama ni 300, unatakiwa ufikishe 210. Ukisahau kuandika mpangilio mahali pa kudumu, ile kazi yote imekwenda na maji. Hakuna kukariri maswali ya mtaani, na waajiri wanalijua hilo.

Na Linux nayo ina uzamani wake. CentOS 7, Linux ya bure iliyotokana na ya Red Hat, ilifikia mwisho 30 Juni 2024, na ofisi nyingi bado zinaitumia. RHCE, cheti kinachofuata baada ya RHCSA, ya wakati wa RHEL 7 (Linux ya Red Hat) ilikuwa mambo ya kusimika huduma moja moja kwa mkono. Tangu RHEL 8 imekuwa mtihani wa Ansible, chombo cha kupanga seva nyingi kwa pamoja. Aliyesomea ile ya zamani akaishia hapo, leo anaanza upya karibu nusu ya safari. Ndiyo maana hata huku nawaambia watu wachukue toleo jipya lililopo kwenye mtihani.

Fedha ikibana zaidi, LPIC-1 ina mitihani miwili, haifungamani na Linux ya kampuni moja, na inadumu miaka mitano. RHCSA ni mitatu.

Kurasini_IT

Asante sana Rafu, umeniokoa. Nimewapigia chuo leo asubuhi, wakanijibu "mtihani tutaangalia mbele ya safari". Nimeshaelewa.

NairobiShell, naipenda hoja yako, ila programu yetu ya uhasibu ni ya Windows na bosi hataki kusikia ikiguswa.

BintiMuscat

Salaam kutoka Muscat. Nilizaliwa Tanga, huku nina miaka sita kwenye kazi ya seva. Kaka, hapo ulipo jibu lako ni AZ-800 na AZ-801, na nitakueleza sababu, maana jina linawatisha watu. Wakiona "AZ" wanadhani ni mambo ya klaudi matupu.

AZ-800 kwa sehemu kubwa ni kazi unayoifanya sasa hivi: Active Directory, DNS, DHCP, Group Policy, Hyper-V (mashine pepe), mafaili ya pamoja na ruhusa zake. Kinachoongezeka ni namna ya kuunganisha hivyo na Azure, klaudi ya Microsoft. AZ-801 ndiyo inayokugusa zaidi: usalama, klasta (seva zinazosaidiana), kurejesha mfumo ukianguka, na kuhamisha seva za zamani kwenda mpya. Umeona? Mtihani wa mfumo mpya wenyewe unakudai ujue ya zamani, kwa sababu lazima uyatoe huko uyalete huku. Cheti kinapatikana ukifaulu yote miwili, na kila mwaka unakihuisha bure kwenye tovuti ya Microsoft Learn kwa jaribio fupi la mtandaoni. Ada ya mtihani hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo angalia bei ya Tanzania kwenye ukurasa rasmi. Angalia pia kama hakuna tangazo la kuufunga au kuubadilisha. Hilo lifanye siku ileile unayotaka kulipa.

Kwenye usaili wangu huku hawakuniuliza nambari ya cheti. Waliniuliza: domeini kontrola (seva inayobeba Active Directory) yenye majukumu yote matano ya FSMO (kazi maalumu za kuiongoza domeini) imekufa usiku, bakapu ya mwisho ni ya wiki iliyopita, kesho saa mbili watu wanaingia kazini, unafanya nini kwanza? Swali hilo lingeweza kuulizwa wakati wa Server 2003, na jibu lake halijabadilika sana.

NairobiShell

Dada, hapo umenigeuza kiasi. Lakini basi kwa nini asiruke moja kwa moja AZ-104? Mtihani mmoja, na seva za kuhifadhi chumbani zinapungua.

Rafu_ya_Chini

Kwa sababu 104 haitamfundisha kuihamisha hiyo 2008 R2. Inakufundisha kuendesha Azure: mashine pepe, hifadhi, mitandao yake, nani aruhusiwe nini. Ni cheti kizuri sana, na mimi ningekiweka cha pili. Ila kituo cha Azure kilicho karibu nasi ni Johannesburg. Mtu wa mizigo anayetaka kufungua faili la meli wakati intaneti imekatika hawezi kungoja.

Wengine watakutajia Server+ ya CompTIA. Haiishi muda na inafundisha vizuri RAID na vifaa, lakini kwa mtu mwenye fedha ya njia moja siyo hiyo.

MzeeWaSYSVOL

Vijana wangu, nimesoma yote. Nimeanza kazi hii enzi za Windows NT, nimehamisha domeini nyingi, na nataka niseme jambo ambalo bado halijasemwa.

Kijana wa Kurasini, cheti cha zamani achana nacho, ila elimu yake usiidharau. Domeini yako huenda ilizaliwa kwenye Server 2003. Kama ni hivyo, folda ya SYSVOL, yenye sera za domeini, inaweza kuwa bado inanakiliwa kati ya kontrola kwa FRS, njia ya zamani ya kunakili. Server 2016 ndiyo ya mwisho kuikubali FRS. Ukileta Server 2022 na kujaribu kuifanya domeini kontrola, itakukatalia. Watu huona ujumbe wa kosa wakaanza kulaumu seva mpya, kumbe ugonjwa uko kwa mzee wa nyumba.

Jambo la pili, bosi akitaka Server 2025 kwa kuwa ndiyo mpya kuliko zote, mwambie haiwezi kuingia moja kwa moja. Inadai kiwango cha domeini (toleo la chini la kontrola zinazokubaliwa) kiwe angalau 2016, na wewe ukiwa na kontrola ya 2008 R2 huwezi kukifikisha hapo. Unapitia 2022 kwanza, unaistaafisha ile ya zamani, unapandisha kiwango, ndipo 2025 ije.

La tatu ni dogo ila litakuletea kelele. Mashine ya fotokopi inayotuma skani kwenye folda ya seva huenda inatumia SMBv1, njia ya kizamani ya kushirikisha mafaili. Server mpya haziji nayo, na kwa sababu ya haki: virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilipita mlango huohuo, wakati kiraka kilikuwa kimetoka tangu Machi. Usiirudishe ili fotokopi ifanye kazi. Tafuta programu mpya ya fotokopi, au itume skani kwa barua pepe.

Haya yote jaribu nyumbani. Microsoft inatoa Windows Server ya majaribio kwa siku 180. Kompyuta yenye RAM ya GB 16 inatosha kabisa: tengeneza domeini ya zamani kwenye Hyper-V, kisha ihamishe. Ivunje, irudishe, ihamishe tena. Ukiifanya mara tatu, sehemu kubwa ya AZ-801 utaikuta unaijua.

Jioni hii fungua domeini kontrola yako uandike `dfsrmig /getglobalstate`. Amri hiyo inaonyesha kama SYSVOL imeshahamishiwa DFSR, mrithi wa FRS; inasoma tu, haibadilishi kitu. Utupe majibu.

Kurasini_IT

Shikamoo mzee. Nimeiendesha. Inakataa, inasema kiwango cha domeini hakijafika 2008. Nikaangalia kiwango chenyewe: 2003. Miaka yote minne nimekaa juu ya hiki kitu bila kujua.

Nimeamua. AZ-800 nitaifanya mwaka huu, AZ-801 nikishamaliza kuhamisha hapa ofisini. BintiMuscat, nitakusumbua kuhusu ratiba ya kusoma.

BintiMuscat

Karibu, kaka. Anza na Active Directory na DNS. Mambo ya Azure yaache hadi hizo mbili zikae.

MzeeWaSYSVOL

Marahaba, mwanangu. Ndivyo nilivyohofia. Basi fuata mpangilio huu: bakapu ya system state (mipangilio ya mfumo pamoja na Active Directory) kwanza, na uijaribu kuirejesha kwenye mashine pepe isiyogusa mtandao wa ofisi. Kisha pandisha kiwango cha domeini hadi 2008. Ndipo uanze hatua za dfsrmig: Prepared, Redirected, Eliminated. Kila hatua ngoja kontrola zote zikubaliane ndipo uende inayofuata. Kutoka Prepared na Redirected unaweza kurudi nyuma. Kutoka Eliminated hakuna kurudi, kwa hiyo hiyo usiifanye Ijumaa jioni.