Chensoo (msumeno wa mnyororo) ya bei nafuu kwa kazi za mara moja moja: nichukue ipi?

MwanaUwemba
Wakuu, habari za majukumu. Nina shamba la miti ekari tatu huku Njombe, nusu milingoti, nusu miwati. Si mfanyabiashara wa mbao. Nakata kuni za nyumbani, nguzo chache za uzio, na kuondoa miti inayoangushwa na upepo. Mingi ni unene wa paja, michache ndiyo ya kukumbatia. Mashine inaweza kukaa stoo hata miezi mitatu bila kuguswa.

Bajeti ni laki nne, nikijikaza sana laki sita. Dukani wamenionyesha ya Kichina imeandikwa 5800, wanadai ina nguvu kuliko STIHL ndogo. Jamaa mwingine anasema nisubiri STIHL MS 381 iliyotumika. Naomba kuwasilisha.

Fundi_Plagi
Mkuu, MS 381 achana nayo. Hiyo ni sisi (cc, ukubwa wa injini) 72, inazidi kilo sita kabla hujafunga baa, lile bapa linalozungukwa na cheni. Ni ya wapasua mbao wanaoshinda nayo kutwa. Miti yako inataka sisi 30 hadi 45, basi. MS 170 ni sisi 30, kilo nne hivi, na ukiifunga baa ya inchi 14 unafanya kazi zako zote. Ile michache ya kukumbatia mwite mwenye mashine kubwa, umlipe siku yake.

Ukipata MS 170 au 180 iliyotumika, usidanganyike na rangi. Fungua eksozi, chungulia pistoni kwenye tundu. Ukiona mikwaruzo ya wima, hiyo ilishawahi kunyimwa oili, mrudishie mwenyewe. Halafu vuta kamba taratibu. Isipokukatalia mkononi, kompresheni imekwisha.

Kijana_wa_Mafinga
Mnamtisha bure. Spea za 5800 zimejaa madukani, kuanzia kabureta hadi silinda, na bei zake hazikuumizi. Kwa kuni za nyumbani inamtosha. Ila siku ya kwanza kaza skrubu zote, na cheni waliyokupa nayo itupe, nunua ya maana kama Oregon. Angalia namba zilizopigwa kwenye mkia wa baa, hesabu na meno ya chini ya cheni, ndiyo uende dukani. Cheni isiyolingana na baa haikai.

Fundi_Plagi
@Kijana_wa_Mafinga kwenye spea nakuunga mkono. Tatizo ni kwamba hizo za bei rahisi hazifanani: mbili za boksi moja, hii inadunda miaka, ile inakufa kabla ya masika. Akiichukua, aiombe iwashwe palepale dukani, akate nayo gogo, aizime, aiwashe tena ikiwa ya moto. Ikigoma ikiwa ya moto, asiibebe.

Mama_Miwati
Mwanangu Uwemba, hawa wanakuhesabia sisi tu. Laki moja ya hiyo bajeti itoe kabisa: kofia yenye wavu na vya masikioni, viatu vigumu, na ikiwezekana ile suruali yenye nyuzi ndani. Cheni ikigusa, nyuzi zinachomoka na kujisokota kwenye gia mpaka mashine inasimama. Breki ya mnyororo ijaribu kila unapoanza kazi.

Na umesema miti ya upepo. Hiyo ndiyo inayoua watu, kuliko ile iliyosimama. Mlingoti uliolala juu ya mwingine umejikunja kama upinde. Upande uliobanwa ukiukata kwa kina, unameza baa yako. Upande uliovutika ukianza nao, unapasuka na kukurukia. Anza kidogo upande uliobanwa, kisha malizia polepole upande uliovutika, nawe umesimama pembeni ya mkunjo. Ule uliong'oka na mizizi ndiyo usiseme: ukiutenganisha na kisiki, kisiki kinaweza kuinuka na kurudi shimoni ghafla. Mtoto asicheze pale. Ncha ya juu ya baa nayo isiguse kitu, ikigonga tawi inarushwa usoni.

MwanaUwemba
Shikamoo Mama, nimekuelewa. Naelekea kwenye MS 170 iliyotumika. Sasa Fundi, kukaa stoo muda mrefu hakuiui?

Fundi_Plagi
Hapo umeuliza swali lenyewe. Ninazotengeneza nyingi hazikuuawa na kazi, zimeuawa na kukaa. Petroli iliyochanganywa ikizeeka inaacha utando ndani ya kabureta na ngozi yake (kiwambo cha ndani) inakakamaa. Ukishamaliza kazi, mwaga tangi, iwashe iungurume hadi izime yenyewe, ndiyo uiweke. Changanya ya kutosha kazi ya wiki hizo tu. Ikishapita mwezi, usiitie.

Mchanganyiko: oili ya STIHL ni 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa lita. Oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) ya kawaida ya dukani, 1 kwa 25, mililita 40. Usikadirie kwa kizibo cha soda. Na kwenye baa usiweke oili chafu ya gari, ina vumbi la chuma, inaziba pampu na kuila baa.

Jambo la Njombe: mko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa nyepesi. Mashine iliyosetiwa Dar ikifika huko inakunywa petroli nyingi, inatoa moshi na plagi inakuwa nyeusi. Mpe fundi wa huko airekebishe kabureta.

Tupa ya duara ya milimita 4 ndiyo ya cheni ya MS 170 yenye kipimo cha inchi 3/8 ndogo. Ukiona inatoa unga badala ya vipande, usikandamize, noa.

Jirani_wa_Kericho
Salamu kutoka Kenya. Kwa nini asichukue ya betri? Haina kabureta wala kuchanganya mafuta.

Kijana_wa_Mafinga
Betri moja ya akiba tu inamaliza bajeti yake, bosi.

Mama_Miwati
Kabla ya kulipa pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ya wilaya, uulize habari za usajili wa msumeno na kibali cha kuvuna. Miti ni yako, lakini ukipakia kuni kwenye gari bila hati ya kusafirishia utalala kizuizini.

MwanaUwemba
Nitapita Jumatatu. Huyu muuzaji anasema yake ina baa ya inchi 16, nibadilishe niweke 14?

Fundi_Plagi
Badilisha, na cheni yake pia. Lakini kwanza fungua eksozi.